Hazina ya Menelik na Fedha Iliyoyeyuka

Hekaya haina nchi moja. Huzaliwa mahali, ikasafiri katika kinywa cha mchuuzi au katika kalamu ya mwanachuoni, na ifikapo ugenini hupewa mlima mpya na mashahidi wapya. Mlima Kilimanjaro nao umepata mgeni wa namna hii. Yasimuliwa ya kuwa Menelik wa Kwanza, mwana wa Mfalme Sulemani na Malkia wa Sheba, alipokuwa akirejea kutoka vitani, mzee na mwenye kuchoka, alipiga kambi katika uwanda wa juu ulio kati ya Kibo na Mawenzi. Hapo akaliaga jeshi lake, akapanda Kibo pamoja na watumwa waliobeba hazina yake, akaingia katika shimo la kilele, akalala humo milele na pete ya Sulemani. Siku moja, hekaya yaendelea, mtu wa uzao wake ataipata pete hiyo, na utukufu wa kale wa Uhabeshi utarudi.

Masimulizi haya yapendeza, wala hapana dhambi katika kuyafurahia. Lakini mwanafunzi wa historia, baada ya kufurahi, hana budi kuuliza mambo mawili: hekaya hii ina umri gani, na imepita mikononi mwa nani?

Ziara ya Malkia wa Sheba kwa Sulemani imeandikwa katika Biblia, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 10. Na katika Kurani, Sura ya An-Naml, ndege hudihudi ndiye aletaye habari za malkia huyo. Katika maandiko hayo mawili hakutajwa mtoto yeyote aliyezaliwa na wawili hao. Mtoto huyo anatukuzwa katika Kebra Nagast, yaani Utukufu wa Wafalme, kitabu kilichotungwa kwa lugha ya Kigeez mwanzoni mwa karne ya 14. Humo Menelik anakwenda Yerusalemu kumwona baba yake, na Sanduku la Agano linachukuliwa kwa siri hadi Uhabeshi. Kitabu hicho kilikuwa na kazi ya kufanya. Mwaka 1270 Yekuno Amlak alikuwa ametwaa kiti cha enzi, na wafalme wa nasaba yake walihitaji kuonyesha kwamba ufalme ule ulikuwa haki yao tangu Sulemani. Kazi hiyo ilidumu sana: hata katiba ya Uhabeshi ya mwaka 1955 iliutaja uzao huo, na haikukoma ila Haile Selassie alipoondolewa mwaka 1974.

Katika Kebra Nagast, hata hivyo, Kilimanjaro haupo. Kifo cha Menelik juu ya Kibo ni kiraka kilichoshonwa baadaye. Miongoni mwa walioieneza habari hiyo ni Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri na mtaalamu wa lugha za Mashariki, aliyefika Tanganyika mwaka 1923 na kupanda mlima mara nyingi. Ndiye aliyemkuta chui aliyeganda karibu na ukingo wa Kibo mwaka 1926, chui yule yule ambaye Ernest Hemingway alimtia katika hadithi yake ya mwaka 1936. Na shimo la ndani la Kibo laitwa kwa jina la Reusch hata leo.

Akili za wasomaji wa wakati ule zilikuwa tayari kupokea hazina ya Sulemani popote barani Afrika. Riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885 ilikwisha kuwazoeza, na mwaka 1929 Frederick Johnson aliitoa kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hapa ndipo burudani ilipogusana na madhara. Huko kusini, magofu ya Zimbabwe Kuu yalikuwa yamedhaniwa kuwa kazi ya Malkia wa Sheba tangu Karl Mauch alipoyaona mwaka 1871, kwa sababu wengi hawakukubali kwamba Waafrika waliweza kujenga kuta zile. David Randall-MacIver mwaka 1905, kisha Gertrude Caton-Thompson mwaka ule ule wa 1929, walichimba wakaonyesha kuwa wajenzi walikuwa wenyeji. Basi hekaya nzuri, ikiwekwa mahali pa historia, yaweza kumnyang'anya mtu nyumba aliyoijenga babu yake.

Itazamwe tena hekaya ya Menelik kwa jicho hilo. Ndani yake wamo mfalme, jeshi, watumwa na vito. Mchagga hayumo. Hakuna mgomba, hakuna mfereji, hakuna mangi. Mlima ni kaburi tupu lililongojea maiti kutoka mbali. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kumbe mlima ulikuwa na hekaya yake yenyewe ya hazina. Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alipata habari kwamba mangi mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wapande wakatazame kitu kile cheupe kilichong'aa kama fedha. Wengi hawakurudi. Aliyenusurika alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Na fedha ile, ilipoletwa chini, ikawa maji. Masimulizi haya ni mafupi, lakini yana uzito ambao pete ya Sulemani haina. Yanaonyesha mtawala mwenye tamaa, watumishi waliolipa kwa viungo vyao, na ukweli uliojaribiwa kwa mkono: cheupe kile ni maji. Wazungu wa London waliokaa vitini, W. D. Cooley akiwa mbele yao, walikana kwa miaka mingi kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na Ikweta. Watu wa mlimani walikuwa wamekwisha kuigusa.

Tena iko hekaya ya Kibo na Mawenzi, ambayo mtu aliye Mwika huielewa upesi, kwa kuwa huko, mashariki ya Marangu, Mawenzi umesimama karibu na meno yake yote yaonekana. Vilele hivyo vilikuwa majirani. Mawenzi uliuacha moto wake uzimike, ukaenda kuomba kwa Kibo, nao ukapewa moto na ndizi kavu zilizotwangwa. Ukarudi tena, na tena, hata Kibo ukaghadhibika, ukautwaa mchi na kuupiga Mawenzi ukachanika uso. Hapa hazina ni kaa la moto na ndizi, na sheria ni ya ujirani: kuomba kuna kiasi, na hasira nayo huacha makovu. Bruno Gutmann alizikusanya hekaya nyingi za Wachagga katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1914; ila alikitoa Leipzig, kwa Kijerumani, na wajukuu wa wasimulizi hawakuweza kukisoma.

Jambo la mwisho ni picha. Wachoraji wa Uhabeshi waliichora hekaya ya Sulemani na malkia juu ya kitambaa, kisanduku baada ya kisanduku, mara nyingi picha 44, hata asiyejua kusoma akaifuata tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu waliichora wenyewe, imebaki yao. Kilimanjaro, kwa upande wake, ulijulikana duniani kwa mikono ya wageni, kama Ernst Platz wa München aliyefuatana na Hans Meyer mwaka 1898. Theluji yao ni safi sana. Mchi wa Kibo haumo.

Hapana haja ya kumfukuza Menelik mlimani. Na alale, mradi ijulikane kuwa ni mgeni, na kitabu chake kilitungwa kwa ajili ya kiti cha enzi cha mbali. Wenye kupenda hekaya, wanaozisimulia upya na kuzichora, wangefanya vema kumpandisha kileleni pia yule mtu wa Machame asiye na pete. Kwa maana vidole vyake havikurudi vizima, lakini yeye ndiye aliyeleta habari ya kweli.