Kangbayi: gereza la Beni na usalama wa mji wake

Mtaje Kangbayi mbele ya mtu wa Beni, naye atataka kujua unasema ya mwaka gani: 2017 au 2020. Gereza kuu la mji wetu limevunjwa mara mbili katika miaka isiyofika minne. Atakayeandika historia yake hana budi kuanzia hapo, na kuwataja kwanza walinzi waliofia langoni.

Kwa muda mrefu lilikuwa gereza kama magereza mengine ya Kongo: wezi, wagomvi wa mashamba, na wengi ambao hakimu hajawahukumu. Vita vililibadilisha. Januari 2014 Kanali Mamadou Ndala wa jeshi la Kongo aliuawa karibu na mji, na kesi ya kifo chake ikasikilizwa hapa hapa Beni. Oktoba mwaka huo yakaanza mauaji ya raia huko Ngadi, Oicha na Eringeti. Washukiwa wa makundi yenye silaha ya ADF na Mai-Mai wakaletwa Kangbayi, wakawekwa boma moja na kijana aliyeshikwa kwa deni. Kwa maoni yangu, hatari ilizaliwa hapo. Mpiganaji aliyefungwa ana wenzake porini, nao hawamsahau.

Jumapili ya Juni 11, 2017, alasiri, watu wenye silaha walilishambulia gereza. Watu 11 walikufa, 8 kati yao wakiwa walinzi na askari. Kati ya wafungwa 966 walibaki wapatao 30. Gavana wa Kivu Kaskazini, Julien Paluku, alitangaza marufuku ya kutembea usiku Beni na Butembo, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwezi uliotangulia maelfu walikuwa wametoroka gereza la Makala, Kinshasa, lakini uzito wa matoroko haya mawili haulingani kabisa. Anayetoroka Makala hupotelea katika jiji la mamilioni. Anayetoroka Kangbayi yuko hatua chache tu kutoka msitu wenye vita, na mkulima wa Mbau ndiye atakayekutana naye kwanza.

Gereza likajaa tena. Mji nao ukapita katika Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, huku mauaji yakiendelea, na jeshi likaanzisha operesheni kubwa dhidi ya ADF mwishoni mwa Oktoba 2019. Alfajiri ya Jumanne, Oktoba 20, 2020, washambuliaji walikuja wengi, wakaishambulia pia kambi ya askari waliolilinda gereza, wakalivunja lango. Meya Modeste Bakwanamaha alisema wametoroka zaidi ya 1,300 na wamebaki kama 100. Kundi la Dola la Kiislamu likadai kuwa ndilo lililohusika.

Jambo moja halisemwi vya kutosha: wachache walirudi wenyewe siku ile ile. Mtu anayerudi gerezani kwa miguu yake, wakati risasi zimetoka kulia, anatuambia kwamba hakuona usalama nje, na pengine kwamba kesi yake ilikuwa ndogo. Kumweka huyo chumba kimoja na mpiganaji ni kumwonea yeye na kuuhatarisha mji.

Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini imetawaliwa kijeshi, na kesi za jinai za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi zenye mahakimu wachache. Mafaili yakarundikana, na mahabusu pia. Kisha ikawa zamu ya majirani zetu: usiku wa kuamkia Agosti 10, 2022, gereza la Kakwangura, Butembo, lilivunjwa. Kati ya wafungwa 872 walitoroka zaidi ya 800, na askari polisi wawili wakauawa.

Baada ya kila shambulio tumesikia habari za kuta na askari wa kuongeza. Viongezwe. Lakini Beni inahitaji pia mahakimu wa kutosha wa kusikiliza kesi kabla gereza halijafurika, na mahali pa kuwaweka wapiganaji mbali na watu wa makosa madogo. Familia za wale walinzi na askari 8 wa 2017 zina haki ya kuuliza kazi hiyo imefika wapi.