Historia ya Tiba ya Kutetemeka: Upupu, Levodopa na Neno la Mgonjwa

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Tangu 1994 imekuwa makao ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Hospitali kubwa ya rufaa ya ukanda huo, Hospitali Kuu ya Kamuzu, iko Lilongwe, ambako Kichewa na Kiingereza ndizo lugha za kazi. Mzee akifika huko na kusema "miguu inanikatalia", mkalimani atafasiri nini? Katika makala haya tunaitazama historia ya tiba ili kuonyesha kwamba swali hilo si dogo.

Mwaka 1817 James Parkinson, daktari wa London, alichapisha insha kuhusu watu sita waliotetemeka, walioinama mbele na kwenda kwa hatua fupi za harakaharaka. Baadhi yao aliwaona njiani tu. Hakuwa na dawa. Alikuwa na maelezo makini. Mwaka 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz, wa Vienna, walionyesha kwamba ubongo wa wagonjwa hao umepungukiwa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo. Kati ya 1967 na 1969 George Cotzias, huko Marekani, alithibitisha kwamba levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, ikiongezwa polepole humrudishia mgonjwa wepesi.

Levodopa haikuwa ngeni. Mwaka 1937 wanakemia wa India waliipata katika mbegu za upupu, ule ule unaowawasha watoto vichakani. Nchini Malawi jamaa yake wa shambani huitwa kalongonda. Akina mama huichemsha na kumwaga maji mara kadhaa kabla ya kuila, na kwa kufanya hivyo huipunguza kemikali hiyo hiyo. Hata hivyo, mtu asijitibu kwa upupu, kwani kipimo chake hakijulikani.

Aidha, si kila anayeburura miguu ana ugonjwa wa Parkinson. Dawa kama haloperidol na metoclopramide huweza kuleta dalili zinazofanana nao. Hapo tiba ni daktari kuipunguza au kuibadili dawa hiyo. Mwaka 1965 Salomón Hakim na Raymond Adams walieleza maradhi ya maji kujaa ubongoni: nyayo hunata sakafuni, mkojo haushikiki na kumbukumbu hupungua. Baadhi ya wagonjwa hao hupata nafuu wakiwekewa mrija wa kupeleka maji hayo tumboni. Konzo ya Kongo, inayotokana na muhogo mchungu usioandaliwa vyema, hukakamaza miguu ghafla. Haina dawa ya kuiponya, ila huzuilika jikoni. Maradhi manne, njia nne.

Hata kwa Parkinson yenyewe, levodopa hulegeza ukakamavu kuliko inavyorudisha mizani ya mwili. Ndiyo maana mazoezi, fimbo, kuhesabu hatua kwa sauti na mistari iliyochorwa sakafuni ni sehemu ya tiba, na yote haya yanawezekana hata penye uhaba.

Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Tanzania, uliochapishwa 2008, uliwakuta wagonjwa 33 miongoni mwa wakazi zaidi ya 160,000. Wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Mgonjwa asiyetambuliwa hapati dawa hata ikiwa dukani.

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapohusika. Mara nyingi tunayaita yote "kupooza" au "kiharusi", ilhali Kiswahili kina kutetemeka, kukakamaa, kuburura, kunata, kupepesuka na kizunguzungu. Kila neno humwelekeza daktari kwingine. Tunapendekeza wanafunzi wetu wa tafsiri wakusanye maneno haya kama yanavyosemwa na Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na kuyaweka sambamba na ya Kichewa. Kazi hiyo haihitaji maabara, bali sikio na daftari.