Jinsi ya kuunda meza imara ya kazi kwa gharama nafuu

ANAYESAFIRI kutoka Mau Summit kuelekea mjini Kericho hupita Kedowa, eneo la mashamba ya chai, mahindi na miti katika Kipkelion Mashariki.

Katika maboma ya wakulima, gereji huwa ni banda la mabati nyuma ya nyumba. Humo ndimo pikipiki hulazwa, jembe hutiwa mpini na pampu ya kunyunyizia dawa hufunguliwa inapoziba.

Mara nyingi kazi hizo hufanyiwa sakafuni. Mtu huinama kwa saa nyingi, akikanyaga chuma kwa mguu mmoja huku akikikata kwa msumeno. Hapo ndipo mgongo huumia na vidole hukatwa.

Meza ya kazi huondoa hatari hiyo, mradi isitikisike. Meza inayoyumba ni hatari kuliko kutokuwa na meza, kwa sababu kifaa huteleza wakati ambapo mkono hautarajii. Kwa hivyo, mwenye pesa chache atumie sehemu kubwa ya pesa hizo kwenye miguu na viungo, wala si kwenye urembo wa juu.

Kununua au kuunda?

Wapo wanaochukua mlango wa zamani na kuulaza juu ya vigingi. Milango mingi ya ndani ya nyumba huwa na uwazi katikati, na hupasuka ikigongwa kwa nyundo. Rahisi ghali, wahenga walinena.

Anayetengeneza pikipiki atafaidika zaidi na fremu ya vyuma vya pembe iliyochomelewa na mafundi wa jua kali, kwani mafuta na unyevu haviiozeshi upesi. Kwa useremala na kazi za kawaida za shambani, mbao zinatosha, na mwenyewe anaweza kuziunda.

Anayetaka kipande cha reli kitumike kama fuawe atahadhari. Reli ni mali ya umma, na biashara ya vyuma vikuukuu inasimamiwa na sheria ya mwaka 2015. Mnamo Januari 2022 serikali iliipiga marufuku kwa miezi kadhaa kufuatia uharibifu wa miundomsingi. Nunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni, na udai risiti.

Mbao gani?

Februari 2018, serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na mbao zikaadimika. Julai 2023, Rais William Ruto alitangaza mjini Molo kwamba marufuku hiyo imeondolewa, hatua ambayo ilipingwa mahakamani. Kutokana na hali hiyo, miti ya mashambani imekuwa tegemeo la wengi. Anayekata yake na kutaka kusafirisha mbao aulize kwanza katika ofisi ya Shirika la Misitu kuhusu kibali.

Mberoshi hunyooka na kurandika kwa urahisi, hivyo unafaa kwa sehemu ya juu. Mkaratusi ni mzito na wenye nguvu, lakini hujipinda na kupasuka unapokauka. Utumie kwa miguu, nao uwe umekauka kabisa.

Ukavu ndio jambo linalosahauliwa zaidi katika nyanda hizi zenye mvua nyingi. Mbao mbichi hunywea baada ya kupigwa misumari, na viungo hulegea. Zipange chini ya paa, ukitenganisha kila safu kwa vijiti ili hewa ipite. Pima kipande kimoja kwa mizani kila wiki; uzito ukiacha kupungua, mbao ziko tayari. Ukaushaji huenda vyema kati ya Desemba na Februari, mvua inapopungua.

Vipimo na mahitaji

Kimo kinachofaa ni kile cha kiwiko kidogo cha mkono unaposimama wima mikono ikining'inia. Kwa watu wengi huwa kati ya sentimita 85 na 95.

Kwa meza ya urefu wa futi 6 na upana wa futi 2, nunua futi 24 za mbao za inchi 6 kwa 2 kwa ajili ya sehemu ya juu. Futi 54 za inchi 4 kwa 2 kwa miguu na fremu. Na futi 12 za inchi 3 kwa 2 kwa mihimili ya mshazari. Kwa kuwa mbao huuzwa kwa futi, zidisha idadi hizo kwa bei ya duka lako upate gharama kamili kabla ya kununua.

Kila mguu uunganishwe kwa vipande viwili vya inchi 4 kwa 2. Kile cha ndani kiwe kifupi, ili mbao za fremu zikae juu yake. Kwa njia hiyo mzigo hubebwa na mbao yenyewe, si na msumari.

Tumia bolti na nati badala ya misumari kwenye miguu. Bolti ikilegea hukazwa tena kwa spana; msumari ukilegea hauna dawa.

Kuhakikisha pembe ni mraba, pima sentimita 30 upande mmoja na 40 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo ukiwa 50, pembe iko sawa.

Kisha pigilia mihimili ya mshazari nyuma na pande zote mbili. Hiyo ndiyo izuiayo meza kuyumba, na anayeiacha ili kuokoa pesa ataijutia.

Jiliwa lifungwe juu ya mguu mmoja, taya lake lisilosogea likitokeza kidogo nje ya ukingo ili vipande virefu viweze kushikwa wima. Iwapo sakafu ni ya udongo, weka jiwe bapa chini ya kila mguu usioze.

Mwisho, egemea meza kwa nguvu zako zote na uisukume kila upande. Ikitikisika, usianze kazi. Kaza bolti na uongeze mhimili kwanza.