Influenza katika Ushetu na ukanda wa dhahabu

Influenza, au homa ya mafua, ni ugonjwa wa njia ya hewa unaosababishwa na virusi, hasa vya aina ya A na B. Katika Halmashauri ya Ushetu (makao makuu Nyamilangano, mkoani Shinyanga) na machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita, ugonjwa huu hujificha nyuma ya malaria: mwenye homa hupimwa malaria, na akikutwa hana huambiwa ni mafua tu.

Historia

Mlipuko mbaya kuliko yote ulifika mwishoni mwa 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikimalizika. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, chini ya kamanda Lettow-Vorbeck, liliweka silaha chini Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba. Askari wake Waafrika walipelekwa kambini Tabora, kusini mwa Kahama, na wengi walionusurika risasi na njaa kwa miaka minne wakafia hapo kwa influenza. Wapagazi wa vita hiyo, ambao Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi kati yao, walirudi vijijini wakiwa dhaifu, na ugonjwa ukaenda nao. Makadirio ya vifo kwa Tanganyika ni kati ya 50,000 na 80,000. Kwa dunia nzima, takriban milioni 50. Cha kutisha ni kwamba ugonjwa huo uliwaangusha zaidi vijana wenye nguvu. Ni msiba mkubwa uliosahaulika mno.

Virusi vya influenza ya binadamu vilitambuliwa London mwaka 1933. Milipuko mingine ya dunia ilitokea 1957 na 1968. Mafua ya nguruwe (H1N1) yalithibitishwa Tanzania Julai 2009.

Kutofautisha na mafua ya kawaida

Mafua ya kawaida huanza taratibu: koo kuwasha, chafya, kamasi, mgonjwa huendelea na shamba au biashara yake. Influenza huangusha ghafla. Mchimbaji aliyeshuka duarani (shimo la mgodi) asubuhi akiwa mzima, jioni anatetemeka, homa imefika nyuzi 39, kichwa kinagonga, misuli na mgongo vinauma, kikohozi ni kikavu na hata chakula hakitamaniki. Homa huisha baada ya siku tatu hadi tano, lakini uchovu huweza kudumu wiki kadhaa.

Kwa kuwa malaria nayo huanza hivyohivyo, kipimo cha haraka cha malaria hakikwepeki. Antibayotiki za duka la dawa haziui virusi.

Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye pumu au VVU ndio huzidiwa, hasa kwa nimonia. Kupumua kwa shida ni sababu ya kukimbilia hospitali.

Hali ya sasa

Hospitali ya Sekou Toure, Mwanza, ni miongoni mwa vituo vya ufuatiliaji wa influenza nchini. Chanjo haimo katika ratiba ya kawaida ya taifa.

Machimboni, vumbi la mawe na moshi huchosha mapafu kabla virusi havijafika. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kisihesabiwe kuwa mafua: mgonjwa apimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, na kipimo hicho ni bure katika vituo vya serikali.