Kizibo: Kinachoyashika Mafuta Chini ya Ardhi

Ukitoka Kinoo kwa barabara ya Nakuru, ukaipita Kikuyu na Limuru, ardhi inakatika ghafla na Bonde la Ufa linafunguka chini yako. Jina hilo limetuzoesha kudhani kwamba mwamba wenye ufa lazima uvuje. Sivyo, na wachimbaji wa mafuta wanalijua hilo vizuri.

Mafuta ni mepesi kuliko maji. Hupanda polepole kupitia vinyweleo vya mchangawe, na yasipozuiwa hufika juu yakapotea. Mahali yanaponaswa ni mtego. Mwamba unaoyazuia ni kizibo. Wako wanaouita mfuniko. Mimi silikubali neno hilo, maana mfuniko hukaa juu tu, ilhali mtego huhitaji kuzibwa hata ubavuni.

Mwaka 1987 mtafiti N. L. Watts alivigawa vizibo kwa namna vinavyoshindwa, na mgawanyo huo bado ndio ninaouamini. Kuna kizibo cha kuvuja: mwamba wenye vinjia vyembamba vilivyojaa maji, ambavyo mafuta hayawezi kuvipenya kwa urahisi, kama turubai la pamba linavyozuia mvua ingawa lina matundu. Mafuta yakizidi kurundikana chini yake, msukumo hukua mpaka yakapenya kwenye vinjia vipana zaidi, yakavuja hadi msukumo upungue. Kuna pia kizibo cha kupasuka. Hiki vinjia vyake ni vyembamba mno, hata mwamba wenyewe hupasuka kabla mafuta hayajapenya. Shinikizo likishuka, nyufa zaweza kujifunga tena. Chumvi ya mawe ni ya kundi hili.

Sasa twende Lokichar, Turkana. Shell ilichimba kisima cha Loperot-1 mwaka 1992, ikakuta dalili za mafuta, ikaondoka. Machi 2012 mafuta yakatangazwa katika Ngamia-1, kisima kilichochimbwa na kampuni ya Tullow kando ya ufa mkuu wa magharibi wa bonde la Lokichar. Tope la ziwa la kale, lililogandamana likawa mwamba, ndilo lililoyazaa mafuta hayo, na matabaka ya tope yaliyolala kati ya michanga huyaziba kwa juu. Ubavuni, kazi ni ya ufa.

Ufa huzibaje? Pengine ardhi iliyoteleza huukutanisha mchangawe na mwamba usiopenyeka. Pengine tope huburutwa ndani ya ufa likajipaka kutani, au chembe za mchanga husagwa zikawa unga. Ufa uleule waweza kuziba katika kina kimoja na kuvuja katika kingine, ndiyo sababu mtego mzuri kwenye ramani waweza kuchimbwa ukakutwa mtupu.

Wahariri wa habari za mafuta, nanyi wakalimani wa mabaraza ya Turkana, andikeni kizibo. Mkitaja aina yake, semeni wazi: cha kuvuja au cha kupasuka.