Kodi Iliyosamehewa na Ushuru wa Mazao

Katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama Kikuu chetu, yafaa tueleze habari za misamaha ya kodi, kwani wanachama wengi hudhani hayo ni mambo ya matajiri peke yao.

Mwaka 1997 Tanzania ilitunga Sheria ya Uwekezaji, na mwaka 1998 Sheria ya Madini, ili kuwavuta wageni wenye mitaji. Mgodi uliruhusiwa kutoa gharama yote ya mitambo katika mapato yake kabla ya kukadiriwa kodi, na hasara ikahamishiwa miaka iliyofuata. Mrabaha ulikuwa asilimia 3 tu. Hatukatai ya kwamba wageni walikuja: mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na dhahabu ikaipita kahawa na pamba katika mauzo ya nje. Lakini kodi ya mapato ilikawia sana.

Mkulima je? Ushuru wa mazao hukadiriwa kwa bei, si kwa faida. Mbolea, magunia, vibarua, havitolewi; akipata hasara, ushuru u pale pale. Sheria humtaja mnunuzi kuwa ndiye mlipaji, bali sisi tukaao mizanini twajua ya kuwa mnunuzi huupunguza katika bei ya mkulima.

Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa chakula. Mwaka huo huo mrabaha wa dhahabu, uliokuwa 4 tangu 2010, ulipandishwa kuwa 6.