Kanjo Walipoacha Kuja

Mtajie kijana wa Nairobi neno kanjo leo na atakachoona kichwani ni askari wa kaunti akimtupa mama mboga kwenye pikapu. Mtajie mzee aliyekulia Kaloleni au Jericho, mitaa iliyojengwa na Kanjo yenyewe, na huenda akakumbuka lori. Lori la taka. Lilikuwa linakuja.

Sisi tuliozaliwa baadaye tunadhani taka za Nairobi zimekuwa hivi tangu zamani. Hapana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kanjo ilikuwa inazoa karibu asilimia 90 ya taka za jiji. Kufikia 1998 ilikuwa theluthi moja hivi. Miaka 20 tu.

Si kwamba kabla ya hapo jiji lilimjali kila mtu. Mwaka wa 1902 tauni ilipozuka kwenye Bazaa ya Wahindi, wakoloni hawakuleta mapipa, waliichoma bazaa. Mwaka wa 1913 akaja Profesa W. J. Simpson kuchunguza usafi, na dawa aliyopendekeza ni kila rangi ikae mtaa wake. Kwa hivyo kuanzia mwanzo, ukitaka kujua nani anahesabiwa kama mkaaji wa Nairobi, angalia nani anasafishiwa na nani anahamishwa.

Uhuru ulipokuja, Kanjo ilirithi kazi hiyo ya kusafisha na kwa muda ikaifanya vizuri. Halafu watu wakaongezeka. Sensa ya 1979 ilihesabu wakazi 827,775. Ya 1999 ikapata 2,143,254. Malori hayakuongezeka hivyo. Yaliyoharibika yalikaa yadi yakingoja spea. Mwaka wa 1983 serikali ikalivunja baraza na kuweka tume ya watu wa kuteuliwa, iliyokaa hadi 1992. Ni vigumu kumlalamikia diwani ambaye hayupo.

Hapo ndipo mfumo tulio nao ulipozaliwa, na hakuna aliyekaa chini kuupanga. Kuanzia katikati ya miaka ya 80 kampuni za kibinafsi zilianza kuzoa taka mitaa ya wenye pesa, kwa malipo ya kila mwezi. Eastlands na mitaa ya mabanda hazikuwa na biashara ya kuwavutia. Huko kazi ilishikwa na vikundi vya vijana, mkokoteni na magunia. Vijana hao hao ambao jiji liliwaita chokora, kana kwamba kuchokora taka ni tabia mbaya na si ajira.

Leo inaenda hivi. Kijana anapita kwenye ploti, unampa gunia lako na kitu kidogo, au landilodi ameshaiweka kwa rent. Anatoa chupa na vyuma mapema, maana hiyo ndiyo faida yake. Anasukuma hadi mahali pa kukusanyia, na kutoka hapo lori, la kaunti au la kukodi, linapeleka Dandora. Ushuru wa kaunti tunalipa. Kijana pia tunalipa. Mara mbili kwa gunia moja, na tumezoea.

Kitu kimoja ambacho jiji halikuachia vijana ni kuamua taka ziishie wapi. Dandora ulikuwa mtaa wa kupigiwa mfano: mradi wa miaka ya 70 wa ploti kama 6,000, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ili mtu wa mapato ya chini ajijengee nyumba yake. Katika miaka hiyo hiyo, machimbo ya mawe ya karibu yakageuzwa jaa. Yaani familia ilipewa nyumba na moshi kwa pamoja. Mwaka wa 2001 jaa likatangazwa kuwa limejaa. Mwaka wa 2007 UNEP, ambao makao yao yako Gigiri, jiji hili hili, walitoa matokeo ya kupima watoto 328 wa eneo hilo: nusu walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Gigiri haina jaa.

Julai 2021 mahakama ya mazingira iliamuru jaa hilo lifungwe ndani ya miezi sita. Miezi hiyo iliisha Januari 2022, na malori bado yanaingia. Ningependa amri itekelezwe, lakini nina swali ambalo halinitoki. Kuna watu wengi wanaoishi kwa kuchambua mzigo pale, kutenga plastiki, karatasi na mifupa na kuwauzia mabroka kwa kilo. Mipango ya kuhamisha jaa huzungumzia ardhi na mitambo. Wao ndio wamebeba kazi ya Kanjo kwa zaidi ya miaka 30, bila sare, bila glavu, bila pensheni.

Kwetu anapita Jumamosi, kabla ya saa mbili asubuhi. Ukichelewa anagonga mlango.